Fimbo Iliyopelekwa kwa Fundi Ndolo

Nzisa alipozipeleka fimbo za mwanawe kwa fundi wa vyuma zigeuzwe, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa ameomba kwanza. Alivaa kitambaa chake cheupe cha ushirika wa kina mama kanisani, akazifunga fimbo mbili kwa leso kama mtu anayebeba mtoto mchanga, akashuka nazo sokoni Migwani kwa miguu, akijibu salamu za watu bila kusimama. Ubaya mwingi wa nyumbani hauletwi na mtu mbaya. Huletwa na mama aliyeamka mapema.

Mwenye fimbo alikuwa Kitonga, mtoto wake wa kwanza, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja mwenye mke huko Kalamba, upande wa Makueni. Kazi yake ilikuwa gofu. Si kuwabebea watu mabegi, hiyo aliifanya zamani akaiacha. Sasa alicheza yeye mwenyewe, mchezaji wa kulipwa, na alicheza kwa mkono wa kushoto. Jumatano alikuja kulala kwa wazazi kwa sababu Ijumaa kulikuwa na mashindano kwenye klabu ndogo nje ya mji wa Kitui. Wachezaji arobaini, nafasi tano. Watano wa kwanza wangeandikwa kwenye orodha ya mwaka mzima, wacheze kila mashindano. Wengine wangoje mwaka ujao. Kitonga alikuwa amekosa mara mbili, na mara ya pili alikosa kwa pigo moja tu. Alikuwa amemwambia Yvonne, mkewe, kwamba akikosa tena anaacha gofu, analima ndengu kama watu wengine.

Hayo Nzisa aliyajua. Ndiyo yaliyomnyima raha.

Jumatano hiyohiyo kina mama wa ushirika walikuwa kwake. Walipomaliza kuomba, kabla chai haijaletwa, Muthoki aliliona begi limeegemea ukuta. Muthoki alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua na hakuna kitu kilichompita.

"Ndizo hizi fimbo za kazi?"

"Ndizo," Nzisa akasema kwa kujivunia kidogo.

Muthoki akachomoa moja, akasimama katikati ya sebule, akapanua miguu, akatingisha makalio kama wale wa kwenye televisheni. Kina mama wakacheka. Akaishusha fimbo chini ili apige, halafu akasimama.

"Asi! Mbona inanipa mgongo?"

"Inakupa mgongo vipi?"

"Njoo uone. Uso wa fimbo uko huku nyuma. Nikipiga hivi, nitapiga na kisogo chake." Akachomoa nyingine, na nyingine. "Zote! Mama Kitonga, mtoto wako aliuziwa mbovu. Hizi zimetoka kiwandani zikiwa zimepinda."

"Si ni za kushoto," mama mmoja akasema.

"Kushoto ni mkono. Chuma nacho kina kushoto?"

Wakacheka tena, na Nzisa akacheka pamoja nao, lakini macho yake yalirudi kwenye lile begi. Kitonga alipokuwa mdogo, mamake alimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha leso kila wakati wa kula, kwa sababu huku kwetu ukimpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto umemtukana. Alimfunga mpaka mtoto akazoea. Leo Kitonga alikula kwa kulia, aliandika kwa kulia, alisalimia wazee kwa kulia. Kila mahali alikuwa amenyooka, isipokuwa kwenye gofu. Na ni kwenye gofu tu alikokuwa akianguka. Usiku mama akajumlisha hesabu yake mwenyewe kitandani: kumbe si mkono uliomshinda mtoto. Ni chuma. Fimbo zikiangalia vizuri, mkono wa kulia utazifuata.

Alhamisi Kitonga akaondoka na gari la saa moja kwenda Kitui kuandikisha jina na kuutembea uwanja. Siku hiyo kupiga hakukuruhusiwa, kwa hivyo begi aliliacha.

*

Fundi Ndolo alikuwa akichomelea mlango wa choo. Aliinua miwani yake nyeusi.

"Mama Kitonga. Mbona mbio hivyo, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka unigeuzie hizi."

Ndolo akaipokea moja, ile fupi, akaigongagonga kwa kidole. "Hii ni ya nini? Ya kuchimba mihogo?"

"Ya gofu. Imeangalia kushoto. Nataka iangalie kulia kama za watu."

"Mwenyewe amesema?"

Hapo ndipo siku ingeokoka. Swali lilikuwa zuri, tena limeulizwa na mtu aliyeshika mashine. Lakini mama akishaamini kwamba anamsaidia mtoto, swali halimwingii. Hulisikia kama dharau.

"Mimi ndiye mamake," Nzisa akasema.

"Basi yameisha."

Akaikata juu kidogo ya kichwa. Cheche zikaruka, Nzisa akajifunika macho kwa leso. Ndolo akakizungusha kichwa kikaangalia upande wa pili, akatia kipande cha nondo ndani ya bomba ili lishike, akachomelea pande zote mpaka pakavimba kama kifundo cha mguu. Akaichovya kwenye ndoo ya maji. Ikalia tsss.

"Hii haitoki tena," akasema. "Hata umpige nayo nyati."

Alipoishika ya pili, mashine ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea soko zima. Mwenye kinu cha kusaga alitoka nje na unga kwenye nyusi, akaangalia nyaya juu kama mtu anayetafuta mvua.

"Rudi jioni," Ndolo akasema.

"Nitarudi na zote," Nzisa akajibu.

Stima haikurudi siku hiyo. Kuna siku ambazo tunailaani stima bila kujua imetukinga na nini.

*

Kitonga alirudi saa nane mchana. Babake, Mzee Nyamai, alikuwa nje akipepeta ndengu, mtu wa maneno machache na kofia moja. Nzisa akaleta sahani ya isyo, mahindi na kunde zilizokaangwa na kitunguu kingi jinsi mwanawe alivyopenda, akangoja ale nusu. Halafu akaleta leso, akaiweka juu ya kiti.

"Fungua."

"Mwaitu, mama yangu, ni zawadi?"

"Fungua tu."

Kitonga akafungua. Akapitisha kidole gumba kwenye ule uvimbe wa chuma, akarudi nao, akapitisha tena.

"Nani amekata hii?"

"Ndolo. Nimekugeuzia. Hiyo nyingine stima imekataa, lakini kesho asubuhi na mapema..."

"Umenigeuzia."

"Ulikuwa umeuziwa mbovu, mwanangu. Hata Muthoki ameona."

Kitonga akasimama, akaiweka fimbo chini kama anayetaka kupiga. Akaizungusha mkononi nusu duara. Kichwa kikaangalia kushoto, vilevile kama zamani. Akacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya watu.

"Baba, nipe akala yako moja."

Mzee akavua kiatu chake cha mpira wa tairi. Kitonga akakiweka mbele ya mamake.

"Hiki ni cha mguu gani?"

"Wa kushoto."

Akakigeuza, kisigino kikaenda mbele. "Na sasa?"

Nzisa akakiangalia. Alianza kusema wa kulia, neno likarudi. Akainama, akakiangalia tena, akajaribu kuuwaza mguu wa kulia ndani yake.

"Bado ni wa kushoto," akasema polepole.

"Ukikigeuza mara mia, ni cha kushoto. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa. Mwaitu, Ndolo hajageuza kitu. Amekata tu."

Fimbo ilikuwa imepungua kwa upana wa vidole viwili na kuwa nzito upande wa chini kama rungu. Nayo ndiyo ile fupi, ya kuinua mpira uanguke taratibu karibu na shimo. Mapigo marefu humfurahisha anayeangalia, lakini riziki ya mchezaji iko kwa ile fupi.

"Si uazime ya mwenzako?" Mzee Nyamai akauliza.

"Baba, kati ya watu arobaini mimi peke yangu ndiye ninayesimama upande huu."

Akapiga simu tatu. Daktari mmoja mzee wa mji wa Wote, wa kushoto kama yeye, ndiye aliyempa begi lote alipoacha kucheza, na sasa alikuwa amehamia kwa watoto wake ng'ambo. Hakukuwa na mwingine. Mtu wa tatu aliyempigia alimwambia, "Ya kushoto? Hata glavu ya kushoto siwezi kukupatia," halafu akacheka, halafu akaomba msamaha.

"Tumrudishie Ndolo airekebishe," Nzisa akasema. Sauti ilikuwa imeanza kuvunjika.

"Ndolo akiigusa tena itabaki kijiko."

"Nilidhani ninakusaidia."

"Kwa nini hukuniuliza, mwaitu?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Kuku mmoja akaja akadonoa isyo iliyoanguka. Mzee Nyamai akavaa akala yake, akaangalia ndengu zake, na bila kumwangalia mkewe akasema, "Ulimfunga kwa leso miaka minne. Leo umempelekea moto. Nzisa, wewe huchoki?"

Nzisa akaenda nyuma ya jiko. Alikaa huko mpaka mbuzi wakarudi. Kitonga alipomfuata, alimkuta anachambua kunde ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Kesho vaa viatu vya kanisa," akamwambia.

"Vya nini?"

"Twende wote. Miaka kumi unaniombea kitu ambacho hujawahi kukiona."

*

Getini mlinzi aliwaangalia, mzee mwenye kofia, mama mwenye mwavuli, na Kitonga na begi begani.

"Wabeba mabegi wanapitia nyuma."

"Mimi ni mchezaji."

"Wachezaji wana watu wa kuwabebea."

"Mimi nina mama," Kitonga akasema, na mlinzi akatafuta jina kwenye karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akalipata, akafungua bila kusema pole. Nzisa alitaka kumwambia neno. Mzee akamshika kiwiko.

Watazamaji walikuwa wachache na walisimama upande mmoja, nyuma ya kamba, chini ya kivuli. Msimamizi wa hapo aliitwa Evanson Ngure, kijana mpole mwenye beji, aliyetembea na kidole mdomoni kuwanyamazisha watu.

"Mama, mtu akitaka kupiga hatuongei."

"Siongei. Naomba."

"Basi omba na ndani."

Wachezaji wakaanza kupanda pale pa kuanzia, mmoja mmoja. Wa kwanza akasimama, akawapa watazamaji mgongo, akapiga. Wa pili akawapa mgongo. Wa tatu, wa nne, wa kumi. Nzisa aliona migongo tu, mashati yaliyoloa jasho katikati. Hakuona uso hata mmoja. Alianza kufikiri kwamba ndivyo mchezo wenyewe ulivyo, mchezo wa kuwapa watu mgongo.

Halafu wakaita Kitonga Nyamai. Akapanda, akauweka mpira, akazunguka kwenda upande wa pili. Mtu mmoja mwenye kofia akanong'ona, "Ona huyu, amesimama kinyume," na mwenzake akacheka.

Lakini Nzisa hakusikia. Mwanawe alikuwa amesimama uso kwa uso na yeye. Kati ya wote waliopanda pale, huyo peke yake ndiye aliyeangalia waliko watu. Aliuona mdomo wake alivyoubana, kama alivyoubana akiwa mtoto wa miaka minne, mkono mmoja umefungwa, akijaribu kuchota uji kwa ule mwingine ukimwagika. Wakati ule uso ulikuwa wa kulia machozi. Leo haukuwa wa kulia. Fimbo ikapanda kushoto, ikashuka, na mpira ukaenda kama umeitwa.

Aliyecheka akanyamaza. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Huo ni mzuri?" Nzisa akamuuliza Ngure.

"Mama, huo ni mzuri sana."

"Ni wangu," akasema, na hakueleza kama ni mpira au ni mtu.

Walimfuata mpaka saa tisa, mashimo tisa, halafu yaleyale tisa tena. Mwavuli ukawafunika wazee wawili kwa zamu. Uwanja ulikuwa mkavu, ardhi ngumu kama ya kupuria mtama. Wachezaji wenye fimbo zao fupi waliinua mipira vizuri juu, ikaanguka karibu na shimo, na ardhi ikairusha tena ikapita mbali. Kitonga hakuwa na ya kuinulia. Kila alipokaribia alichukua ndefu kidogo, akausukuma mpira ubingirike chini chini. Mara nyingine ulifika. Mara nyingine ulikwama kwenye kichaka cha nyasi akapoteza pigo, na kila alipopoteza, Nzisa alihisi kama Ndolo anakata kitu ndani yake.

Shimo la mwisho, Ngure alikuja akanong'ona. Alikuwa ameacha kuwa msimamizi, sasa alikuwa mtu wao. "Akimaliza kwa mapigo mawili, ni wa tano. Matatu, ameenda nyumbani."

Mpira ulikuwa hatua thelathini kutoka shimoni, na mbele yake kijiinuko kidogo. Hapo hata mtoto angechukua fimbo fupi. Kitonga alitia mkono kwenye begi, mkono ukaenda wenyewe mahali pale ilipokuwa ikikaa, ukakuta tupu. Nzisa aliuona mkono huo ukisimama hewani. Hajawahi kusahau.

Akachukua nyingine. Akazunguka upande wake. Akaangalia chini, akaangalia mbele, na kabla ya kupiga akainua macho kidogo tu, akamwona mamake nyuma ya kamba. Akausukuma. Mpira ukapanda kijiinuko, ukafikiri, ukashuka upande wa pili ukibingirika, ukasimama hatua moja kutoka shimoni.

"Sasa naweza kuongea?" Nzisa akauliza.

"Bado, mama!"

Kitonga akasogea, akaugusa. Ukaingia.

"Sasa?"

"Sasa ongea!" Ngure akasema, na Nzisa akapiga vigelegele ambavyo klabu ile, nadhani, haijawahi kusikia. Mlinzi alikuja mbio kutoka getini akidhani kuna nyoka.

*

Jina liliandikwa, la tano kati ya watano. Yvonne alilia kwenye simu, Mzee Nyamai akanunua soda mbili na kunywa zote mbili. Wiki ya pili mtu mmoja wa klabu, aliyesikia habari za akala na Ndolo, alituma fimbo fupi ya kushoto kutoka Nairobi, haijakatwa popote.

Kuna waliosema, Muthoki akiwa wa kwanza, kwamba mama alifanya vyema kuikata, maana bila hiyo mtoto asingejua kubingirisha mpira kwenye ardhi ngumu. Mzazi mwenzangu, usiyakubali maneno hayo, ni matamu na yatakupoteza. Mtoto alifika licha ya moto wetu, si kwa sababu ya moto. Pigo moja tu, kichaka kimoja cha nyasi, na leo hadithi hii ingekuwa ya mtu anayelima ndengu Kalamba bila kumwongelesha mamake. Kabla hujambebea mtoto kitu chake kwenda kukinyoosha, muulize. Akikataa, kaa chini.

Ile iliyokatwa ilibaki Migwani. Nzisa hakutaka itupwe. Aliiegemeza mlangoni, na msimu wa kuanika ndengu ulipofika akaanza kuitumia kufukuzia kuku. Siku ya kwanza aliishika kwa mkono wa kulia, akampigia jogoo udongo. Kisogo cha chuma kikachimba ardhi, udongo ukamrukia mwenyewe kwenye sketi, na jogoo akaendelea kula. Akajaribu tena. Jogoo hakuinua hata kichwa.

Nzisa akaiangalia fimbo. Akaihamisha mkono wa pili, akazunguka upande wa pili wa mkeka, akabana mdomo. Donge la udongo likaruka likampata jogoo kifuani, akaondoka akipiga kelele mpaka kwa kina Muthoki.

Muthoki akachungulia juu ya ua. "Asi! Mama Kitonga! Mama wa ushirika mzima, unashika na kushoto?"

"Ndivyo inavyotaka," Nzisa akasema, akatafuta donge lingine.